Kisanduku cha kuhesabu watu kwa mawimbi ya simu: tulikuwa 14, kioo kinasema 41. Na hiyo "bila majina" ni kweli?

#1 Mpita_Njia
Wakuu salama? Niende moja kwa moja. Juzi nilikuwa kwenye ukumbi wa kusubiria huduma, sitautaja. Karibu na dari kuna kisanduku cheupe kimebanwa ukutani, kidogo tu, kama kipande cha sabuni. Chini yake kuna kibao: "Hapa tunahesabu mawimbi ya simu bila majina ili kupunguza foleni. Faragha yako inalindwa." Pembeni kioo kikubwa kinaonyesha idadi ya watu waliomo ndani. Kioo kinasema 41.

Sasa mimi nina ugonjwa wa kuhesabu vitu. Nikahesabu vichwa, tuko 14, hapo nimejumlisha mlinzi na mtoto aliyekuwa mgongoni kwa mama yake. Nikahesabu tena, 14. Nikamuuliza dada wa mapokezi akanijibu "mfumo ndo unavyosema kaka".

Maswali yangu mawili. La kwanza, hao 27 ni akina nani? La pili ndo linaniumiza kichwa zaidi, kama hicho kisanduku hakijui mimi ni nani, kinajuaje kwamba kimeshanihesabu? Maana ili usimhesabu mtu mara kumi si lazima umkumbuke? Na kama kinanikumbuka, hiyo bila majina iko wapi sasa? Karibuni wataalamu.

#2 KichwaNgumu
Hao 27 ni majini nao wana shida zao, waache wapange foleni 😂

#3 Fundi_Mitambo
Mkuu karibu jukwaani. Jibu la swali la kwanza ni rahisi. Simu yako ikiwa imewashwa waifai haikai kimya, kila baada ya muda inapiga kelele "kuna mtandao ninaoujua hapa?" na kila ikipiga kelele inataja anwani yake ya MAC, yale maherufi na namba 12. Zamani anwani hiyo ilikuwa moja tangu kiwandani mpaka simu inakufa, kwa hiyo kisanduku kilikuwa kinazihesabu anwani tu na kinapata idadi karibu na ukweli. Ila iPhone kuanzia iOS 8 mwaka 2014 zikaanza kubadilisha anwani wakati wa kutafuta mtandao, na Android 10 ya 2019 ikaja na anwani ya kubahatisha kama kawaida yake. Sasa simu moja inaonekana kama simu tatu nne. Ndo 41 yako hiyo.

Kwa hiyo kosa la hesabu ni habari njema kwako. Kisanduku kimekosea kwa sababu hakikujui.

#4 BintiMtulivu
Fundi umesahau kitu, watu siku hizi hawatembei na simu peke yake. Mimi hapa nilipokaa nina simu, saa, na earphone, na earphone zenyewe kuna aina kila sikio linarusha mawimbi yake. Watu 14 mara vifaa vitatu ni 42. Mtoe yule mtoto wa mgongoni, 13 mara tatu ni 39, umeshaikaribia 41 😀

#5 Chura_wa_Kisima
Na wenye laini mbili wanahesabiwa mara mbili, hamjasema hilo.

#6 Fundi_Mitambo
Hapana Chura. Laini ni mambo ya mnara, waifai ya simu ni moja hata uweke laini nne. Kisanduku hicho hakisomi laini.

#7 Nyuki_Dume
Nimewahi kufunga hivi vitu, miaka kama minne nyuma, kwenye jengo kubwa la maduka. Nawaambia ukweli, tatizo la kwanza sio anwani, tatizo la kwanza ni ukuta. Mawimbi hayajui kwamba hapa ndo mwisho wa ukumbi. Tulifunga kimoja karibu na dirisha linalotazama barabara, kila taa nyekundu ikiwaka na basi likasimama, kwenye kompyuta yetu "wateja" wanaruka kutoka 30 mpaka 90, taa ikiwaka kijani wateja wote wanakimbia. Mwenye jengo alikuwa anafurahi sana na zile namba hatukuwa na moyo wa kumwambia.

Halafu saa tisa usiku jengo limefungwa, mfumo unasema kuna watu 60. Tukaja kugundua ni printa, televisheni za ukutani na friji moja ya vinywaji yenye waifai yake. Tukaandika orodha ya kuzitoa kwenye hesabu. Sasa Mpita_Njia, kwenye ukumbi wako huko kuna ghorofa juu?

#8 Mpita_Njia
Kuna ghorofa mbili juu. Na nje kuna kituo cha daladala, sasa unanitia wasiwasi.

#9 KichwaNgumu
Mimi nina nadharia yangu na siiachi. 14 na 41. Kioo kimefungwa kinyumenyume. Kesi imekwisha.

#10 Wakili_Mstaafu
Mnacheka na swali la kwanza wakati la pili ndilo lenye nyama. Mpita_Njia ameuliza kitu ambacho mahakama imeshakikalia kikao. Ufaransa, kampuni ya mabango ya JCDecaux ilitaka kufunga visanduku vya namna hiyo kwenye mabango yake pale La Défense nje ya Paris, kwa wiki nne tu, vinanasa simu ndani ya mita 25. Wakasema wanakata sehemu ya anwani, wanaipitisha kwenye hashi (hesabu inayoigeuza anwani kuwa msimbo mwingine), wanaweka chumvi (herufi za siri za kuchanganya), kwa hiyo ni data isiyo na mtu. Mamlaka ya faragha ya Ufaransa, CNIL, ikakataa mwaka 2015. Wakakata rufaa, na Februari 2017 Baraza la Nchi, mahakama yao ya juu ya kesi za serikali, likasema CNIL iko sahihi. Sababu yao ni ile ile ya mkuu hapa, kwamba lengo la mradi wenyewe lilikuwa kujua mtu amepita mara ngapi na amekwenda wapi. Kama lengo lako ni kumtambua akirudi, huwezi kusema hapohapo kwamba hutambui mtu.

Kuna vipimo vitatu wasimamizi wa faragha wa Ulaya walivitoa 2014, navipenda kwa sababu mtu yeyote anaweza kuvitumia bila digrii. Je, unaweza kumtenga mtu mmoja kwenye kundi? Je, unaweza kuunganisha rekodi zake mbili? Je, unaweza kukisia jambo linalomhusu? Ukijibu ndiyo kwenye chochote, usiandike "bila majina" ukadhani umemaliza. Jina ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kumjua mtu.

#11 Fundi_Mitambo
Wakili heshima yako, ila hashi hairudi nyuma. Ukishaipitisha anwani kwenye hashi inatoka takataka ndefu, huwezi kuichukua hiyo takataka ukapata anwani. Ni kama kusaga mahindi, urudishe vipi gunzi.

#12 Sarufi
Fundi hapo umeteleza. Hairudi nyuma kwa hesabu ya moja kwa moja, sawa, lakini inarudi kwa kubahatisha zote. Anwani ya MAC ni biti 48, nusu ya kwanza ni ya mtengenezaji na orodha ya watengenezaji iko wazi kwa kila mtu. Nusu iliyobaki ni biti 24, yaani anwani 16,777,216 kwa kila namba ya mtengenezaji. Kompyuta ya kawaida inazisaga zote hizo ndani ya muda wa kwenda kuchota maji. Unatengeneza kamusi, upande huu anwani, upande huu hashi, unasoma kama kitabu cha simu.

Na sio nadharia. New York mwaka 2014 walitoa data ya safari za teksi, safari kama milioni 173, namba za teksi zimefichwa kwa aina ya hashi inayoitwa MD5. Watu wakazifumbua zote muda mfupi tu, kwa sababu namba za teksi zina muundo unaojulikana na ni chache. Gunzi lilirudi.

#13 Fundi_Mitambo
Nakubali nusu. Nilisahau kusema unaweka chumvi, yaani herufi za siri unazichanganya na anwani kabla ya kusaga. Bila kuijua chumvi kamusi yako haifai kitu.

#14 Sarufi
Haya, na chumvi anaitunza nani?

#15 KichwaNgumu
Mama lishe 😂😂

#16 Sarufi
KichwaNgumu unaharibu uzi, lakini swali ndo hilohilo. Kama chumvi iko kwenye seva ya walewale wanaokusanya, mlango umefungwa na funguo imening'inizwa kwenye kitasa. Dawa inayojulikana ni kuitupa chumvi kila siku na kuweka mpya, hapo wa jana na wa leo hawaunganiki tena hata mwenye mfumo akitaka. Ila mwenye mfumo atalia, maana hawezi tena kujua wateja wangapi wamerudi wiki hii. Kila mara ni hivyo, faragha ikiongezeka kuna ripoti fulani ya bosi inakufa. Ndo maana hawatupi.

#17 Mzee_wa_Kijiwe
Nawasoma kimya kimya vijana. Mimi natumia kitochi, haina waifai haina hiyo Bluetooth. Hicho kisanduku kitanionaje?

#18 BintiMtulivu
Shikamoo mzee. Hakikuoni kabisa.

#19 Mzee_wa_Kijiwe
Marahaba mwanangu. Basi nimeshinda.

#20 Nyuki_Dume
Mzee hujashinda, umeshindwa vibaya. Hizo namba ndizo zinazoamua wafungue madirisha mangapi na mabasi mangapi yapite. Mkienda wazee 30 wenye vitochi, mfumo utasema ukumbi uko mtupu, wanafunga dirisha. Sisi tuliokuwa tunafunga tulikuwa tunaweka kizidishi, unahesabu watu kwa macho siku mbili tatu, unalinganisha na vifaa vilivyonaswa, unapata namba ya kuzidishia au kugawanyia. Sasa kizidishi cha asubuhi ya wafanyakazi sio kizidishi cha mchana wa wazee na kina mama wajawazito. Inawezekana kabisa kisanduku cha Mpita_Njia kiliona vifaa 20 hivi tu na mtu wa ofisini akazidisha karibu mara mbili kwa sababu miaka ile simu zilikuwa chache. Kizidishi kikishawekwa hakuna anayerudi kukiangalia.

#21 Chura_wa_Kisima
Mbona wazungu wamefanya na hawakulalamika, London reli ya chini ya ardhi yote ilihesabiwa kwa waifai 2016.

#22 Sarufi
Sio yote. Jaribio la 2016 lilikuwa stesheni 54, wiki nne, kuanzia Novemba 21 mpaka Desemba 19. Walinasa vifaa milioni 5.6. Zile stesheni zaidi ya 260 ni Julai 2019 walipoanza rasmi.

Ila nakuunga mkono kidogo, ule mfano una mazuri yake. Tiketi zilikuwa zinajua umeingia wapi na umetokea wapi, katikati ni giza. Waifai ikaonyesha kwamba kutoka King's Cross kwenda Waterloo watu wanapita njia 18 tofauti. Hiyo ni faida ya kweli kwa msafiri aliyebanwa kama dagaa. Na waliweka mabango stesheni, wakaeleza wanachokusanya, wakachapisha ripoti.

#23 Wakili_Mstaafu
Mabango yalisema pia kama hutaki, zima waifai yako. Hapo ndipo ninapokwama mimi. Mtu anayeshika treni ya kwenda kazini aanze kusoma bango na kuzima simu? Ridhaa ya namna hiyo ni kama kumwambia mtu "ukiendelea kupumua umekubali".

Na jiji hilohilo la London, 2013, mapipa ya taka ya mtaani yalikutwa yanasoma anwani za simu za wapita njia, mapipa 12. Habari ilipotoka mamlaka ya jiji ikawaambia wazime. Mtu anatupa ganda la ndizi, pipa linaandika kwamba amepita.

#24 KichwaNgumu
Pipa linanisoma? Basi kuanzia leo taka narudi nazo nyumbani.

#25 Chura_wa_Kisima
Uholanzi nasikia walipigwa faini ya milioni sita kwa mambo haya haya, kampuni moja hivi.

#26 Wakili_Mstaafu
Laki sita Chura, euro 600,000, na haikuwa kampuni bali manispaa ya Enschede, mwaka 2021. Walifunga visanduku mtaa wa madukani kuhesabu watu. Mamlaka ya Uholanzi ikasema kwa jinsi ilivyofanyika ungeweza kumfuatilia mtu mmoja siku hadi siku, ukajua anaishi wapi na anafanya kazi wapi. Manispaa ikapinga, ikasema sisi hatukumfuatilia mtu. Na nawaamini hawakuwa na nia. Lakini mamlaka haikuwa inauliza umefanya nini tu, inauliza pia mfumo wako unaweza kufanya nini mikononi mwa mwingine.

#27 Nyuki_Dume
Hapo kwenye kujua anaishi wapi msidharau. Ile orodha yetu ya jengo, hakuna majina, hashi tupu. Mwenzangu mmoja kwa mchezo tu akachukua hashi inayoingia kila siku saa 12 kasoro robo asubuhi na kutoka saa 4 usiku. Dakika mbili tukajua ni nani, ni yule mama wa usafi, hakuna mwingine anayeingia saa hizo. Kisha tukaona siku alizochelewa, na mapumziko anakaa upande gani wa jengo. Hatukumwambia mtu ila mimi sikulala vizuri siku ile. Tulichokuwa nacho ni saa na mahali, basi.

#28 Sarufi
Ndo utafiti wa 2013 ulichokuta, rekodi za simu za watu milioni 1.5 kwa miezi 15, pointi nne tu za mahali na saa zilitosha kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu. Nne tu.

#29 Mpita_Njia
Nyuki hiyo ya mama wa usafi imenikaa. Nimerudi kusoma kibao nilikipiga picha, hakuna jina la ofisi, hakuna namba ya simu, hakuna wanatunza kwa muda gani. "Faragha yako inalindwa", na nani?

#30 Fundi_Mitambo
Bado nasema mnatishana. Kwa simu za leo huyo mama angeonekana kama watu kumi tofauti. Tatizo hili simu zenyewe zimeshalimaliza, hatuhitaji sheria, tunahitaji watu wabadilishe simu.

#31 Sarufi
Fundi tuliza boli. Ukiunganisha na waifai ya ukumbi ile ya bure, anwani ya kubahatisha kwa mtandao ule kawaida inabaki ileile kila ukirudi. Kwa hiyo wanakukumbuka vizuri tu. Pili, 2017 watafiti wa chuo cha wanamaji cha Marekani walionyesha simu nyingi za Android zilikuwa ama hazibadilishi kabisa ama zinavuja kwa njia nyingine. Tatu, 2022 chuo cha San Diego walipima mawimbi yenyewe ya Bluetooth, vile vikasoro vidogo vya chuma kutoka kiwandani, wakaweza kutofautisha baadhi ya vifaa bila kujali anwani. Ni kama kumjua mtu kwa kikohozi chake.

#32 Fundi_Mitambo
"Baadhi". Soma vizuri na wewe. Na kwa vifaa vya bei ya kisanduku cha ukumbini hicho kikohozi hukisikii.

#33 Chura_wa_Kisima
Na mwenye gari je? Nasikia hata matairi yanatuma mawimbi.

#34 Nyuki_Dume
Kweli kabisa Chura leo umepatia. Kile kihisi cha upepo ndani ya tairi kinatuma namba yake isiyobadilika bila kuficha. Kuna watafiti Marekani 2010 walikisoma gari likiwa mita 40. Simu utaizima, tairi utalizima vipi.

#35 KichwaNgumu
Unatoa upepo 😂

#36 BintiMtulivu
Nataka niseme jambo ambalo litawachanganya nyote. Mwaka juzi nilikuta kifaa kile kidogo cha kutafutia funguo kwenye mfuko wa pembeni wa begi langu. Sio changu. Simu yangu ilinipa taarifa usiku kwamba kuna kifaa kinasafiri nami. Nilijua aliyekiweka, yameisha, sitaki kuyarudia.

Ila fikirieni. Vifaa hivyo vinabadilisha utambulisho wao ili mwenye kifaa asifuatiliwe, faragha hiyohiyo mnayoisifia. Na mtu aliyeniwekea begini ndiye "mwenye kifaa". Yeye ndiye aliyekuwa analindwa. Kama kifaa kingebadilika kila dakika chache simu yangu isingejua kwamba ni kilekile kimekaa nami siku nzima. Apple, wenye kile kinachoitwa AirTag, wakalazimika kukifanya kikiwa mbali na mwenyewe kibaki na utambulisho mmoja kwa muda mrefu zaidi, na mwanzoni kelele ya onyo ilikuwa inasubiri siku tatu, 2021 wakapunguza mpaka kati ya saa 8 na 24. Mwenye Android alisubiri zaidi, na Mei 2024 ndo Apple na Google wakaweka taarifa ya pamoja. Kwa hiyo mtu akiniambia "bila majina" mimi kwanza namuuliza majina ya nani yamefichwa na yanafichwa nani asiyaone.

#37 Mzee_wa_Kijiwe
Pole sana mwanangu.

#38 Wakili_Mstaafu
Pole BintiMtulivu, na ahsante, hiyo ndiyo komenti ya maana kuliko zote humu zikiwemo zangu.

#39 Mpita_Njia
Pole dada. Sasa naomba mnisaidie, kama ningekuwa na nafasi ya kuwauliza wenye kisanduku, niwaulize nini? Maana nikienda na mambo ya hashi watanifukuza.

#40 Sarufi
Mimi ningeuliza moja, kwanini mawimbi? Kuhesabu watu mlangoni inatosha mwanga usioonekana unaokatwa mtu akipita, kitu cha zamani, hakijui simu yako wala sura yako. Kikikosea kinakosea kwa wawili walioingia bega kwa bega. Ukichagua kifaa kinachoweza kumfuatilia mtu kwa kazi isiyohitaji kumfuatilia, eleza.

Halafu namba ndogo. Usiku ukumbini kuna mtu mmoja, kioo kinaandika 1, kiko kwenye tovuti pia, mtu nje anajua uko peke yako. Kwa hiyo chini ya idadi fulani usionyeshe namba kamili, au uichanganye kelele kidogo, jumlisha mbili toa moja kwa kubahatisha. Google walichanganya kelele ya namna hiyo kwenye ripoti zao za mizunguko ya watu 2020.

#41 KichwaNgumu
Ahaa! Kumbe 41 ni 14 iliyochanganywa kelele.

#42 Sarufi
Kelele ya 27 hiyo sio kelele hiyo ni disko.

#43 Wakili_Mstaafu
Mimi ningeuliza kesho yake. Mifumo hii haiharibiki siku ya kufungwa, inaharibika mwaka wa pili. San Diego walifunga taa za barabarani zenye vihisi na kamera, mradi umeidhinishwa 2016 kwa ajili ya umeme, magari na maegesho. 2018 polisi wakaanza kuzitumia picha zake. 2020 meya akaamuru zizimwe baada ya wananchi kuchachamaa. Singapore nao, programu ya kufuatilia korona, watu wakaambiwa ni ya ugonjwa tu, Januari 2021 serikali ikakiri polisi wanaweza kuichukua data. Februari ikatungwa sheria ya kuiwekea mipaka, polisi waitumie kwa makosa makubwa ya aina saba tu. Sheria ilikuja baada ya ahadi kuvunjika, mlolongo ndo ulivyogeuka hapo.

#44 Fundi_Mitambo
Ndo nilichokuwa nasema. Ule mfumo wa Apple na Google wa 2020 wa kufuatilia maambukizi ya korona haukuwa na ghala la katikati, namba inabadilika kila dakika 10 mpaka 20, funguo zinakaa kwenye simu yako siku 14 zinafutika. Polisi waje na karatasi ya mahakama, wachukue nini? Kitu ambacho hakipo hakichukuliki. Sheria inabadilishwa kwa kura moja.

#45 Wakili_Mstaafu
Na programu inabadilishwa kwa sasisho moja usiku umelala, tena bila kura. Ndiyo maana Amsterdam tangu Desemba 2021 kila mwenye kihisi kwenye eneo la umma lazima akiandikishe, raia anaangalia kwenye ramani hiki ni cha nani na kinapima nini. Haizuii kitu, ila inampa Mpita_Njia mtu wa kumgongea mlango.

#46 Fundi_Mitambo
Wenye nia mbaya wataandikisha?

#47 Wakili_Mstaafu
Hawataandikisha, na ndipo kisichoandikishwa kinapokuwa kosa peke yake bila kuhangaika kuthibitisha hashi na chumvi.

#48 Nyuki_Dume
Mnapigana wakati mtu anataka jibu la 41. Mpita_Njia fanya jaribio, rudi ukumbini, zima vifaa vyako vyote uone kioo kinashuka. Ila zima kwelikweli, kwenye iPhone ile swichi ya haraka inatenganisha tu waifai haizimi, ingia kwenye mipangilio. Android nayo kwenye mipangilio ya mahali (location) kuna sehemu imeandikwa kutafuta waifai, inaendelea hata waifai ikiwa imezimwa, izime nayo.

#49 Mpita_Njia
Wakuu nimerudi leo. Vichwa nimehesabu 11. Kioo kinasema 23. Nimezima kila kitu, simu, saa, mpaka earphone nimeziweka kwenye kikasha chake. Kioo kimekwenda 25.

#50 KichwaNgumu
Kimekasirika 😂😂😂

#51 BintiMtulivu
Kuna mtu aliingia?

#52 Mpita_Njia
Hakuna aliyeingia. Ametoka mmoja.

#53 Sarufi
Labda kinaonyesha wastani wa dakika zilizopita, sio sasa hivi. Mara nyingi ni dakika 15. Ulisubiri muda gani?

#54 Fundi_Mitambo
Au kabla ya kuzimika simu ilitoa mlio wa mwisho kwa anwani mpya, ukahesabiwa wakati unaaga.

#55 Nyuki_Dume
Au basi limesimama nje.

#56 Mpita_Njia
Dakika kama nne hivi, kisha nikaitwa dirishani nikaondoka. Dada wa mapokezi nimemuuliza kisanduku ni cha nani, kasema kilikuwepo alipoajiriwa.

#57 Mzee_wa_Kijiwe
Nenda tena kijana ukae saa nzima. Niambie siku, nitakuja na kitochi changu tukae wote, wewe uhesabu vichwa mimi nitahesabu mabasi.